Kipima sukari cha zamani na waya wake: kutoka simu za maandishi hadi waifai ya nyumbani

SEHEMU YA 1: Simu ya dada

Wiki hii nitapumzika kidogo kuongelea chanjo na uji wa mtoto. Nataka niwape historia ya waya. Msicheke, mwisho wa habari hii unamhusu mtoto.

Dada yangu ana kijana wa miaka 8, yuko darasa la pili, ana kisukari aina ya kwanza. Hiki ndicho kile ambacho kongosho limeacha kutengeneza insulini, kwa hiyo mtoto anaishi kwa sindano na kupimwa sukari kila siku: asubuhi akiamka, mchana baada ya kula, na jioni kabla ya chakula. Kaka yetu aliye Marekani alipokuja likizo alimletea kipima sukari cha zamani, pamoja na stripu za kutosha miezi kadhaa. Kipimo chenyewe kilikuwa kizima. Pembeni kina kitundu cha duara, kama kile cha kuchomeka spika za masikioni, na ndani ya boksi kulikuwa na kebo ambayo mwisho wake una kichwa kipana chenye matundu 9.

Shemeji yangu ni fundi kompyuta. Akaitazama ile kebo, akacheka, akasema, "Hii ni siriali. Sijaiona miaka mingi." Jumamosi moja akaitafutia kiunganishi, akaichomeka kwenye kompyuta ya mezani, akaandika programu ndogo, na kufikia usiku vipimo vyote vya mtoto vilikuwa vinaonekana kwenye simu ya dada kwa njia ya waifai ya nyumbani. Grafu nzuri kabisa, yenye rangi.

Siku chache baadaye dada akanipigia. Nilikuwa ndiyo nimetoka zamu ya usiku, hata viatu sijavua.

"Mdogo wangu, nimegundua tatizo. Mtoto sukari inampanda usiku wa manane. Saa saba na dakika 40 usiku inakuwa 14, na ni siku nne sasa. Hii sindano ya jioni niongeze yuniti ngapi?"

Nikamwambia, "Dada, shikamoo kwanza. Halafu usiongeze hata moja. Nakuja."

Kwa nini nilishtuka? Kwa sababu insulini ikizidi jioni, mtoto analala, na sukari inashuka akiwa usingizini. Mtoto aliye macho atasema ana njaa, atatetemeka, utamwona anatoka jasho. Aliyelala hasemi. Anaweza kupata degedege, anaweza kupoteza fahamu, na wewe upo chumba cha pili unajua amelala tu. Nimewapokea watoto wa namna hiyo alfajiri. Sitaki kumpokea mpwa wangu.

Nilichokikuta nyumbani kwa dada nitawaeleza mbele. Kwanza inabidi tuelewe huo waya unasema nini na unanyamaza wapi, na kwa hilo lazima turudi nyuma karibu miaka 180.

SEHEMU YA 2: Herufi kwenye foleni

Neno siriali maana yake ni kitu kimoja baada ya kingine. Fikiria daladala yenye mlango mmoja. Hata abiria wawe 60, watapita mmoja mmoja. Waya wa siriali ni hivyo hivyo: taarifa yote, iwe ndefu kiasi gani, inakatwa vipande vidogo vya ndiyo na hapana, umeme upo na umeme haupo, kisha vinapitishwa kwa foleni.

Wazo hili ni la zamani kuliko kompyuta. Tarehe 24 Mei 1844, Samuel Morse alituma ujumbe kwa waya kutoka Washington kwenda Baltimore, Marekani. Alitumia alama fupi na alama ndefu, moja baada ya nyingine. Shida ilikuwa kwamba alihitajika mtu mwenye ujuzi upande wa pili wa kuzifasiri na kuziandika.

Halafu akaja Mfaransa, Émile Baudot, fundi wa simu za maandishi. Mwaka 1874 alipata hataza ya mfumo ambao kila herufi inabebwa na alama 5 tu, kila alama ikiwa ni ipo au haipo. Piga hesabu: mbili mara mbili mara mbili mara mbili mara mbili, unapata mipangilio 32. Inatosha kwa herufi zote za alfabeti. Na kwa kuwa kila herufi sasa ilikuwa na urefu ule ule, mashine yenyewe iliweza kusoma na kuchapa, haikuhitaji mtu wa kuzifasiri. Mpaka leo kasi ya mlango wa siriali inatajwa kwa neno baud, kutokana na jina lake.

Na sisi huku tulikuwemo. Mwaka 1879 kebo ya chini ya bahari ilifika Zanzibar, ikiiunganisha na Aden upande wa kaskazini na Durban upande wa kusini. Kabla ya hapo, habari ya kutoka Unguja kwenda Ulaya ilisafiri na meli kwa wiki nyingi. Baada ya hapo ilipita chini ya maji, alama moja moja, kwa foleni.

Wazazi wetu wanakumbuka telegramu. Ulilipa kwa idadi ya maneno, ndiyo maana zilikuwa fupi mpaka zinatisha: "Mama mgonjwa njoo." Mtu akiletewa telegramu mlangoni, nyumba nzima inasimama kabla hata haijafunguliwa.

Tatizo moja lilibaki kwenye mashine hizi. Mashine ya huku itajuaje kwamba herufi imeanza kuja, na itajuaje imeisha? Jibu lililopatikana ni la akili sana. Kila herufi ikapewa alama ya kuanza mbele yake na alama ya kumaliza nyuma yake. Ni kama mtoto anayebisha hodi, anasema shida yake, kisha anasema asante kwaheri. Hodi, ujumbe, kwaheri. Kipima sukari cha mpwa wangu bado kinaongea namna hiyo leo.

SEHEMU YA 3: Mkataba wa mwaka 1960

Kufikia miaka ya 1950 viwanda vingi Marekani vilikuwa vinatengeneza mashine za kutuma na kupokea maandishi, na kila kimoja kilikuwa na plagi yake. Ukinunua mashine kwa huyu na nyingine kwa yule, haziongei. Mwaka 1960 chama cha viwanda vya elektroniki vya Marekani kikatoa mkataba wa pamoja ulioitwa RS-232. Toleo lililoenea zaidi, RS-232-C, lilitoka 1969.

Mkataba huo ulisema mambo ya kawaida kabisa. Waya gani unatuma, waya gani unapokea, waya gani ni wa ardhi. Umeme wa kati ya volti 3 na 15 chanya una maana ya sifuri. Umeme wa kati ya volti 3 na 15 hasi una maana ya moja. Kilicho katikati hakihesabiwi, kwa hiyo makelele madogo ya umeme hayapotoshi ujumbe.

Miaka hiyo hiyo vitu vingine vikajipanga. Mwaka 1962 ikatoka modemu iliyoitwa Bell 103, iliyopitisha taarifa kwenye laini ya kawaida ya simu kwa kasi ya biti 300 kwa sekunde. Mwaka 1963 ukatangazwa mpangilio wa herufi unaoitwa ASCII, uliokubaliana kwamba herufi A ni namba 65, B ni 66, na kuendelea. Kompyuta binafsi ya IBM ilitoka 1981, na mwaka 1984 ile iliyoitwa PC/AT ikaja na mlango mdogo wa siriali wenye pini 9 badala ya 25. Hicho ndicho kichwa cha kebo aliyokuja nayo kaka yetu.

Sasa hospitali inaingiaje? Inaingia kwa mlango wa mbele. Mtengenezaji wa mashine ya hospitali anataka kitu rahisi, kinachojulikana na kila mtu, kisichobadilika kila mwaka. Mashine ya hospitali inatumika miaka 10, 15, wakati mwingine zaidi. Siku mkipata nafasi, chungulieni nyuma ya mashine za zamani: monita ya kando ya kitanda, mashine ya maabara ya kuhesabu chembe za damu, ile ya wodi ya wazazi inayofuatilia mapigo ya moyo wa mtoto akiwa tumboni. Nyingi utakuta zina mlango wa siriali, mara nyingi umefunikwa na vumbi kwa kuwa hakuna aliyewahi kuuchomeka chochote.

Nyaya tatu zinatosha kwa mazungumzo: wa kutuma, wa kupokea na wa ardhi. Lakini lazima pande zote mbili zikubaliane kasi kabla ya kuanza, kwa sababu waya hauna saa yake. Kasi iliyozoeleka sana ni 9600. Ukijumlisha hodi na kwaheri, kila herufi inachukua biti 10, kwa hiyo zinapita herufi 960 kwa sekunde. Kwa video ni kichekesho. Kwa vipimo vya sukari vya mwezi mzima, ni sekunde chache tu.

Kasi zisipokubaliana, mashine haisemi kuna kosa. Inaandika takataka, alama za ajabu ajabu. Shemeji alipata takataka kama nusu saa nzima kabla hajaijua kasi ya kile kipimo. Dada akamwambia, "Labda kinaongea Kimarekani."

Na takataka, mama zangu, ni kosa zuri. Ukiiona unajua kuna kosa. Kosa baya ni lile linalokuja limevaa suti.

SEHEMU YA 4: Barua na bahasha

Waya wa siriali una watu wawili tu, mmoja huku na mmoja kule. Hakuna haja ya jina wala anwani, kwa sababu kama si wewe uliyesema, ni yeye. Na ni mfupi. Mkataba wa 1969 ulihesabu kama mita 15 tu.

Mtandao wa kompyuta ni kitu kingine. Mwaka 1973, Robert Metcalfe wa kituo cha utafiti cha Xerox huko California aliandika pendekezo la mfumo alioupa jina la Ethernet, wa kompyuta nyingi kushirikiana njia moja. Sasa kwa kuwa wako wengi, kila ujumbe lazima uwekwe kwenye bahasha yenye anwani ya anayetumiwa na ya anayetuma. Tarehe 1 Januari 1983 mtandao wa ARPANET, mzazi wa intaneti, ukahamia kwenye kanuni za bahasha tunazozitumia mpaka leo. Ruta iliyo sebuleni kwako inafanya kazi ya posta: inasoma anwani, inapeleka.

Kwa hiyo mtu anayetaka kuingiza kifaa cha siriali kwenye mtandao wa nyumbani anahitaji karani. Karani huyo anakaa kati, anasikiliza herufi zinazokuja kwa foleni, anazitia kwenye bahasha, anaandika anwani, anazituma. Jibu likija, anafungua bahasha na kulisoma kwa foleni. Vifaa vya ukarani huu vilikuwepo maofisini tangu miaka ya 1980, na mwaka 1997 ikatolewa kanuni ya wazi, yenye namba RFC 2217, iliyoeleza jinsi kompyuta iliyo mbali inavyoweza kubadilisha hata kasi ya mlango wa siriali kupitia mtandao.

Wakati huo huo mlango wenyewe ulikuwa unaanza kufa. USB ilitangazwa mwaka 1996. Mwaka 1998 Apple wakatoa iMac isiyo na mlango wa siriali wa aina yoyote, na taratibu kompyuta mpakato nyingi zikafuata. Ndiyo maana shemeji alihitaji kiunganishi cha kutoka siriali kwenda USB, kile kidogo kinachouzwa madukani.

Kuna njia nyingine. Mwaka 2014 mafundi wa dunia nzima waligundua chipu ya Kichina iitwayo ESP8266, yenye waifai ndani yake na bei ya chini sana. Upande mmoja inaongea siriali, upande wa pili inaongea waifai. Karani mzima, mdogo kuliko kiberiti. Watu wakaanza kuunganisha mizani za zamani, printa za risiti, vipimo vya hali ya hewa, mita za umeme.

Kwetu kulikuwa na sababu nyingine ya kuchelewa: intaneti yenyewe. Mpaka mwaka 2009, SEACOM ilipowashwa ikipitia Mombasa na Dar es Salaam, sehemu kubwa ya Afrika Mashariki ilitegemea setilaiti, ghali na ya polepole. Kebo ikarudi tena kwenye pwani ile ile iliyopokea kebo ya 1879. Na ndani ya nyuzi zake za kioo mwanga unawaka na kuzimika, alama moja baada ya nyingine. Foleni ile ile, ila sasa inakimbia.

Onyo moja la kifundi kwa akina baba mnaopenda kufungua vitu. Kifaa kidogo cha betri mara nyingi kinatumia volti 3 au 5 tu kwenye mlango wake. Mkataba wa RS-232 unaruhusu mpaka 15, chanya na hasi. Ukiviunganisha moja kwa moja bila sakiti ya kupatanisha katikati, unaweza kuunguza kifaa. Kebo ya asili ya kifaa ndiyo inayojua, usiitupe.

SEHEMU YA 5: Wazazi waliochoka kusubiri

Sasa tufike kwa wazazi wenzetu. Huko New York, Marekani, yupo baba mmoja, mhandisi wa programu, anaitwa John Costik. Mwaka 2012 mtoto wake wa miaka 4 aligundulika na kisukari aina ya kwanza. Mtoto akawekewa kihisi cha Dexcom kinachokaa mwilini na kusoma sukari kila dakika 5. Masomo yalionekana kwenye kipokezi kidogo anachotembea nacho mtoto. Lakini baba yuko kazini, mtoto yuko shule ya awali. Taarifa ipo, ila ipo kwenye mfuko wa mtoto.

Kile kipokezi kilikuwa na tundu la USB. Lakini ukikichomeka kwenye kompyuta, kompyuta inakiona kama mlango wa siriali. Costik mwaka 2013 akajifunza lugha yake, akaandika programu ya kusoma namba na kuzituma kwenye intaneti, kwanza kwa kompyuta, baadaye kwa simu iliyounganishwa kwa kebo na kipokezi. Baba akawa anaona sukari ya mtoto akiwa mezani kwake kazini.

Mzazi mwingine, mhandisi Lane Desborough, alijenga mfumo wa kuonyesha namba hizo alioupa jina Nightscout, yaani mlinzi wa usiku. Mwaka 2014 programu zikawekwa wazi, bure, na wazazi wakaanza kusaidiana kuzifunga. Msemo wao ulikuwa kwamba hawasubiri tena.

Huko Seattle, Dana Lewis, mwanamke mwenye kisukari hicho tangu akiwa na miaka 14, alikuwa na shida nyingine. Analala usingizi mzito, na kengele ya kifaa chake haikuwa na sauti ya kumwamsha. Aliogopa kulala peke yake. Mwaka 2013, kwa kutumia programu aliyoishiriki Costik, yeye na Scott Leibrand wakatengeneza kengele ya sauti kubwa. Kufikia mwisho wa 2014 walikuwa wamefika mbali zaidi: kompyuta ndogo iliyosoma kihisi na kurekebisha yenyewe pampu ya zamani ya insulini.

Nawaheshimu sana watu hawa, na nataka mwone jambo moja kwenye kazi yao. Dana Lewis na wenzake walipotoa maelezo yao wazi, waliweka mipaka ya kiusalama ndani ya mfumo. Taarifa ikiwa imepitwa na wakati, mfumo hautakiwi kuiamini. Yaani hawakuuliza tu "namba ni ngapi?" Waliuliza pia "namba hii ni ya saa ngapi?"

Sasa turudi kwa dada.

Nilipofika nikaomba kuona simu. Grafu ni kama alivyosema. Asubuhi saa kumi na mbili na nusu namba zinaonekana za kawaida. Jioni za kawaida. Na hapo katikati ya usiku, saa saba na dakika 40, namba 14, siku nne mfululizo.

Nikamuuliza, "Dada, nani anaamka saa saba usiku kumpima?"

Akanyamaza. Akamtazama shemeji. Shemeji akamtazama yeye.

Hakuna aliyeamka. Hakuna hata mmoja, hata usiku mmoja.

Nikachukua kile kipimo, nikakiwasha. Ilikuwa saa nne asubuhi. Saa ya kipimo ilionyesha saa nne usiku. Wiki iliyopita walikuwa wamebadilisha betri, saa ikafutika, na aliyeirudisha akaweka namba sahihi lakini nusu ya siku isiyo sahihi. Zile saa saba na dakika 40 za usiku zilikuwa saa saba na dakika 40 za mchana, dakika chache baada ya mtoto kumaliza wali na maharage yake. Asubuhi na jioni nazo zilikuwa zimebadilishana nafasi, ila kwa kuwa zote ni za kawaida, hakuna aliyeshtuka.

Waya ulibeba kila kitu kwa uaminifu. Karani alitia kwenye bahasha bila kukosea. Ruta ilifikisha. Grafu ilichora. Kosa lilikuwa limeshaingia kabla ya safari, na kila hatua ilizidi kulipendezesha.

Dada alikaa kwenye kochi akasema, "Na mimi usiku huu nilikuwa naongeza mbili."

SEHEMU YA 6: Mambo ya kushika

Hatukuuzima ule mfumo. Shemeji alifanya kazi nzuri na dada anauhitaji, kwa sababu kliniki kila mara walikuwa wanamuuliza vipimo vya mwezi na daftari lilikuwa limelowa chai. Tuliurekebisha. Haya ndiyo tuliyokubaliana, na yanafaa kwa nyumba yoyote yenye kifaa cha afya kilichounganishwa, kiwe cha zamani au kipya.

Kwanza, saa. Kila betri ikibadilishwa, saa inakaguliwa na watu wawili, mchana au usiku ikiwemo. Shemeji ameongeza kitu kwenye programu: kila inaposoma kipimo, inalinganisha saa yake na ya kompyuta. Zikitofautiana zaidi ya dakika 10, haichori grafu. Inaandika kwa herufi nyekundu, KAGUA SAA.

Pili, kipimo cha namba. Vifaa vingi vya kutoka Marekani vinasoma kwa miligramu kwa desilita, wakati kliniki zetu tunatumia milimoli kwa lita. Ili kupata namba yetu unagawanya kwa 18. Namba 252 ya kwao ni 14 ya kwetu. Programu ikifanya hesabu hiyo, iandike wazi pembeni ni kipimo gani, asije bibi akaja kumlea mtoto akachanganyikiwa.

Tatu, kifaa hakichomekwi kwenye kompyuta kikiwa kimegusana na mwili wa mtoto. Kompyuta inakula umeme wa ukutani. Vifaa vya hospitali vinavyounganishwa na mgonjwa vimetengenezwa maalumu kuzuia umeme kuvuja kumfikia. Kebo ya mtaani na chaja ya bei ndogo havina ahadi hiyo. Pima kwanza, weka mtoto pembeni, ndiyo uchomeke.

Nne, mlango. Mkataba wa 1960 hauna neno la siri. Haukulihitaji, maana aliyetaka kusikiliza ilibidi aingie chumbani. Ukishamweka karani wa kwenye mtandao, chumba kimekuwa kikubwa kama dunia. Tarehe 23 Desemba 2015 wahalifu wa mtandaoni walizima umeme kwa wateja wapatao 225,000 nchini Ukraine, na sehemu ya walichokifanya ilikuwa kuharibu programu ya ndani ya vifaa vinavyounganisha siriali na mtandao kwenye vituo vya umeme. Mafundi wakashindwa kuwasha kwa mbali, ikabidi waende vituoni kwa miguu yao na kuwasha kwa mkono. Ikiwa shirika la umeme linafikiwa, nyumba yako nayo inafikiwa. Badilisha neno la siri la ruta lililokuja na boksi. Usifungue kifaa cha afya kionekane moja kwa moja kutoka nje.

Tano, na hili ndilo la kwangu kama nesi. Kipimo cha kwenye simu kisibadilishe dozi peke yake. Kabla hujaongeza au kupunguza insulini, pima upya kidoleni, mtazame mtoto, halafu piga simu kliniki. Na ukimkuta mtoto anatoka jasho, anatetemeka, anaongea ovyo, usianze kutafuta grafu. Kama anameza, mpe maji ya sukari au soda yenye sukari, mpime, mpime tena baada ya dakika 15. Kama hamezi, amezimia au ana degedege, usimtie kitu mdomoni, mlaze ubavu na umkimbize hospitali.

Nilitaka muijue historia hii kwa sababu moja. Tangu Baudot mpaka kijiboksi cha waifai, kazi ya waya imekuwa ni kufikisha kilichosemwa. Umeifanya kazi hiyo vizuri mno. Kuuliza kama kilichosemwa ni kweli hakujawahi kuwa kazi ya waya. Ni ya mama, ya baba, na ya nesi aliyetoka zamu ya usiku bado na viatu miguuni.

Mpwa wangu mzima. Jana kanionyesha simu ya mama yake, akaniambia, "Mama mdogo, ona, leo mchana nimepata 8." Nikamuuliza ilikuwa saa ngapi. Akaangalia dirishani kwanza, akaona jua, ndipo akanijibu.

Usiku mwema. Kagueni saa zenu.